Gurudumu likinung'unika, sikiliza kabla ya kufungua kibeti

 

Majuma machache yaliyopita jirani yetu mmoja, mama mwalimu wa shule ya msingi hapa jijini Nairobi, alibisha hodi kwetu mwendo wa saa mbili za usiku akiwa na risiti tatu mkononi. Kigari chake kidogo cha kutoka Japani kilikuwa kimeanza kuvuma. Akiendesha polepole mtaani hakusikia kitu. Lakini akishaingia barabara kuu na kufikisha kilomita 60 kwa saa, sauti ilianza kupanda, vuuuu, mfano wa ndege inayojiandaa kuruka, na kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo ilivyozidi.

Fundi wa kwanza alimwambia ni shoki za mbele. Akazinunua zote mbili, zikafungwa, sauti ikabaki. Fundi wa pili alimcheka yule wa kwanza, akasema hapana, hii ni beringi ya gurudumu la mbele upande wa kushoto. Ikanunuliwa, ikafungwa, sauti ikabaki. Wa tatu akasema beringi iliyowekwa ni bandia, na kwamba hata ile ya kulia imekufa. Hapo ndipo mama mwalimu alipoketi sebuleni kwetu, akaziweka zile risiti juu ya meza na kusema, "Jirani, hizi zilikuwa pesa za karo ya muhula ujao. Niambie ukweli, nibadilishe na hiyo nyingine?"

Mimi si fundi wa kusomea. Nimemiliki magari makuukuu kwa miaka mingi tu, na mtu wa magari ya aina hiyo hana budi kujifunza kusikiliza, la sivyo atahamia gerejini na mkeka wake. Nilimwuliza swali moja: katika hao mafundi watatu, ni yupi aliyepanda gari mkaenda nalo barabarani?

"Hakuna," akajibu. "Wote walilitazama likiwa limesimama."

Basi hapo, mpenzi msomaji, ndipo pesa za karo zilipopotelea. Mlio wa gurudumu hauonekani kwa macho gari likiwa limesimama. Daktari anayeandika dawa bila kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini, wewe ungemwamini? Mlio una habari zake, na habari hizo hupatikana kwa kuuliza: unatokea lini? Gari likienda kasi au polepole? Likikata kona? Ukikanyaga breki? Likipanda tuta? Je, ukiachilia mafuta na kuliacha gari lijiendee, mlio unafuata mwendo wa gari au unashuka na injini? Ukishuka pamoja na injini, basi aghalabu si jambo la gurudumu.

Asubuhi ya Jumapili, barabara zikiwa tupu, nilitoka naye. Yeye aliendesha, mimi nikakaa kiti cha nyuma, maana sauti ndani ya gari ni mwongo mkubwa. Hupita kwenye mabati ya sakafu ikatokea mahali pengine kabisa, hivi kwamba dereva huapa inatoka mbele kumbe iko nyuma. Ndiyo sababu masikio mawili hayatoshi. Mchukue mwanao aliye shule ya upili, mweke nyuma, mwambie asinyanyue simu bali asikilize. Vijana husikia vizuri kutushinda sisi wazee.

Jaribio la kwanza lilikuwa la beringi. Beringi, kwa wasioijua, ni ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusagana na ekseli. Ikianza kufa, gololi na njia yake huota mabaka, na sauti inayotoka ni ya kuvuma au kunguruma inayopanda pamoja na mwendo. Siri yake ni uzito. Gari likikata kuelekea kushoto, mwili wake hulalia magurudumu ya kulia. Likikata kulia, huyalalia ya kushoto. Kwa hivyo, ukiwa mahali penye nafasi na usalama, bila gari jingine karibu, pindisha usukani taratibu kidogo kushoto kisha kidogo kulia. Iwapo mvumo unazidi ukielekea kushoto na kupungua ukielekea kulia, basi aghalabu beringi mbaya ni ya kulia. Kinyume chake pia ni sawa.

Mama mwalimu alipindisha kushoto. Vuuuu. Akapindisha kulia. Vuuuu ileile, haikupungua wala kuzidi hata chembe. Nikamwambia, beringi zako zote mbili za mbele huenda hazina neno.

Kisha tukapita mahali ambapo lami mpya imeungana na lami kuukuu iliyoparara. Kwenye lami mpya ule mvumo ulishuka ukawa karibu mnong'ono. Tulipoingia kwenye lami kuukuu ukarudi na wenzake. Hii ndiyo alama kubwa ya tairi. Beringi haijali inapita kwenye lami gani. Ikiwa mbovu itavuma kotekote. Tairi ndiyo inayogusa barabara, kwa hivyo barabara ikibadilika, nayo hubadilisha wimbo.

Tuliporudi nilipitisha kiganja juu ya tairi ya nyuma, kwanza kwenda mbele kisha kurudi nyuma. Kwenda mbele palikuwa laini. Kurudi, viganja vikakwaruzwa kama niliyepapasa msumeno. Meno ya tairi yalikuwa yameliwa mshazari, hapa juu, pale chini, kuizunguka yote. Tairi ya namna hiyo hata ikiwa na meno marefu huvuma kama mzinga wa nyuki. Ili kuwa na hakika, tulihamisha tairi za nyuma zikaja mbele na za mbele zikaenda nyuma. Tukatoka tena, na mlio ukawa umehama ukaja miguuni mwetu. Jaribio hilo halikugharimu hata senti, ila jasho la kuinua jeki.

Sasa sikia maajabu. Tairi huliwa namna ile kwa sababu chache: magurudumu yasiyonyooka barabara, tairi zisizohamishwa kwa muda mrefu, au shoki zilizochoka zinazoliacha gurudumu lidundedunde barabarani kama mpira. Tulipolisukuma gari kwa nyuma, likanesa, likanesa tena, likanesa mara ya tatu. Fundi wa kwanza alikuwa amesema shoki, naye hakukosea sana. Alikosea ncha ya gari tu! Aliuza za mbele, na zilizokufa ni za nyuma.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba beringi ni jambo dogo. Beringi ikifika mahali pa kunguruma hata kwa kilomita 30 kwa saa, au gurudumu likawa linacheza, hilo si gari la kusubiria mwisho wa mwezi. Joto hupanda, chuma hulika, na gurudumu laweza kukwama au kukutoka. Kulikagua, inua gari kwa jeki, likae juu ya stendi imara na wala si juu ya jeki peke yake, kisha shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, ulitikise. Likicheza, ni beringi au boli jointi. Shika tena kulia na kushoto. Likicheza hivyo tu, tazama viungo vya usukani. Halafu lizungushe kwa mkono, na mkono mwingine uguse springi iliyo juu yake. Beringi mbovu huisikia kwa vidole hata kabla ya masikio, kama mchanga ndani ya mashine ya kusagia.

Na hapa nina neno na mafundi wetu. Katika magari ya zamani, yale yaliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, beringi nyingi za mbele ziliweza kufunguliwa, zikaoshwa, zikapakwa grisi na kukazwa upya. Wako mafundi ambao hadi leo hukwambia, "Mzee, tuipake grisi tu, itanyamaza." Magari mengi tunayoendesha leo yana beringi zilizofungwa kabisa kiwandani. Haziongezwi grisi wala hazikazwi, zikiharibika hubadilishwa. Aidha haziingizwi kwa nyundo. Beringi inayogongomewa nyundo huanza kuumia siku hiyohiyo ya kuzaliwa kwake, na baada ya miezi michache utaambiwa spea ulizonunua ni bandia. Mtake fundi aipeleke kwenye mashine ya kushindilia. Kisha ikiwa gari lina breki za ABS, baadhi ya beringi hizo zina upande mmoja wenye sumaku unaosomwa na kihisio, na zikiwekwa kinyume taa ya ABS huwaka hapo kwenye dashibodi. Ukiona taa hiyo baada ya beringi kubadilishwa, usikubali kuuziwa kihisio kabla hiyo beringi haijakaguliwa.

Milio mingine ni rahisi kuitambua, kwa hivyo nitaipitia mbiombio.

Mlio mwembamba wa kupiga mbinja, hasa ukikanyaga breki taratibu, aghalabu ni pedi. Pedi nyingi zina kijibati kidogo kilichowekwa makusudi kianze kugusa diski pedi inapokaribia kwisha. Hicho ni kengele, nacho kinakupa siku chache za kutafuta pesa. Usipokisikiliza, mbinja hugeuka kuwa mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, na hapo utanunua pedi pamoja na diski. Breki zinazopiga mbinja asubuhi tu, baada ya mvua, kisha zikanyamaza baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, hizo ni kutu ya usiku mmoja. Ziache.

Mkwaruzo unaoanza ghafla baada ya kupita barabara ya changarawe, bila kukanyaga breki, mara nyingi ni kokoto iliyonaswa kati ya diski na bati lililo nyuma yake. Wengi wamebadilishiwa pedi kwa ajili ya kokoto. Rudisha gari nyuma polepole kidogo, huenda ikadondoka yenyewe.

Tak-tak-tak ukikata kona kali huku ukikanyaga mafuta, kama unapotoka kwenye maegesho, ni kile kiungo cha ekseli ya mbele ambacho mafundi hukiita si-vi. Chungulia nyuma ya gurudumu uone mfuko wa mpira wenye mikunjo. Ukiwa umepasuka na grisi kurukia kila mahali, basi mchanga na maji yamekwisha kuingia. Ukiuwahi mfuko peke yake kabla ya tak-tak kuanza, umeokoa kiungo kizima.

Kok-kok kwenye matuta yetu haya ya mitaani, ambayo hakuna anayejua nani huyamwaga usiku, yaweza kuwa vijiti vya stabilaiza, bushi au boli jointi. Vijiti huudhi tu. Boli jointi ni jambo jingine: ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari kama mguu uliovunjika, na usukani hauna kazi tena. Kwa hivyo kok-kok inayoambatana na usukani unaoyumba usiizoee.

Lakini upo mlio mmoja ambao sitaupitia mbiombio, kwa sababu nusura uniachie makovu ya maisha.

Ilikuwa Desemba 2019. Siku moja kabla ya safari nilikuwa nimewekewa tairi mbili mpya katika kituo kimoja cha petroli. Kijana alizikaza nati kwa ile mashine ya upepo, trrrr, dakika tano kazi ikawa imekwisha, nami nikamshukuru kwa haraka yake. Kesho yake alfajiri tukashika Barabara ya Mombasa kuelekea Kibwezi kumwona nyanya ya watoto. Tulikuwa tumeipita njia panda ya Machakos wakati kifungua mimba wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alipoinama mbele akaniambia, "Baba, kuna kitu kinagonga chini yangu."

Nikamwambia ni tairi mpya, bado hazijazoea. Tazama majibu ya mtu mzima! Mama watoto hakusema kitu. Alinyosha mkono akazima redio. Ndipo nikausikia mimi mwenyewe. Ndu, ndu, ndu, ndu. Si mvumo, si mbinja, ni mapigo, kama moyo. Nikapunguza mwendo, na mapigo yakapungua. Nikaongeza kidogo, yakaongezeka. Kitu kinachofuata mzunguko wa gurudumu hivyo kiko kwenye gurudumu lenyewe, na usukani ulikuwa umeanza kunitetemekea viganjani. Nyuma yetu palikuwa na lori la kontena.

Niliwasha taa za hatari, nikatoka kabisa nje ya lami bila kukanyaga breki kwa nguvu. Gurudumu la nyuma kushoto, chini ya kiti cha kijana wangu, lilikuwa na nati tano jana yake. Moja haikuwepo. Mbili nilizizungusha kwa vidole vyangu kama kifuniko cha chupa.

Sikukaza tu nikaendelea, na wewe usifanye hivyo. Gurudumu likishachezacheza, matundu ya rimu hupanuka na bolti huchimbika. Tulifunga tairi ya akiba, baada ya kuzikagua zile bolti moja moja, tukaenda mwendo wa jongoo hadi kwa fundi, na ile rimu ikawa chuma chakavu. Bolti mbili zilibadilishwa. Watoto walikula chakula cha nyanya yao saa kumi badala ya saa saba, wakakila wote.

Kwa nini nati hulegea? Mara nyingi si wizi wala uchawi. Kati ya rimu na mahali inapokalia hubaki kutu, vumbi au rangi. Gari likienda mwendo fulani uchafu huo hushindiliwa, nafasi ikapatikana, nati ikawa imelegea bila kuguswa na mtu. Ndiyo sababu mahali hapo husuguliwa kwa brashi ya waya kabla ya kufunga. Nati hukazwa kwa mkono kwanza, kwa kuruka upande kwa upande na wala si kwa kufuatana kama shanga, kisha gari likishashushwa zikamaliziwa kwa spana. Mashine ya upepo hufanya makosa ya aina mbili: yaweza kukaza kidogo isivyotosha, na yaweza kukaza kupita kiasi hadi bolti ikavutika au diski ikapinda. Magari mengi madogo hutaka nguvu ya kama Nm 100; kiasi kamili kimeandikwa kwenye kitabu cha gari lako, na gereji yenye heshima ina spana ya kupimia. Usipake nati oili eti zisishike kutu, kwa maana oili huzifanya zikazike kupita kipimo.

Kisha, na hili kijana wa kituo hakuniambia, baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzijaribu tena. Dakika tatu tu. Iwapo una safari ndefu, badilisha tairi siku tatu nne kabla, uzungukezunguke mjini, uzikaze, ndipo uondoke. Kijana wangu siku hizi yuko chuo kikuu, lakini tukisafiri yeye ndiye mwenye kushika spana. Hutusimamisha hata pale nisipotaka kusimama, akayazunguka magurudumu yote manne, nasi tunamngoja.

Jambo dogo kuhusu simu: siku hizi wengi hurekodi mlio wakamtumia fundi. Si vibaya kwa mbinja au tak-tak. Ila mvumo mzito wa chini simu nyingi huumeza, fundi akasikia upepo tu, akakuambia lolote lililo karibu na mdomo wake. Mlete fundi garini. Akikataa kupanda, tafuta mwingine.

Mama mwalimu alinunua shoki mbili za nyuma na tairi mbili, magurudumu yakanyooshwa, na ule mvumo ukaisha. Beringi ya kulia hakuibadilisha. Fundi wa pili alikubali kumrudishia sehemu ya gharama za kazi baada ya mazungumzo marefu ambayo sitayaandika hapa. Za shoki za mbele hazikurudi, na karo ilibidi ilipwe kwa awamu mbili.

Jumatano alikuja tena. Sasa anasikia kitu kikigonga akipita kwenye matuta. "Kwenye matuta yote," nikamwuliza, "au gurudumu la upande mmoja likipanda peke yake?" Akafikiri, akasema hakuwa ameliangalia hilo, akarudi kwake kuchukua ufunguo.